Safari ya Siku Moja Katika Mbuga ya Mikumi

Watu waendao kutazama wanyama wa mwitu kwa siku moja hurudi nyumbani na maneno ya namna mbili. Wengine husema, "Tumewaona tembo na watoto wao, tumemwona twiga, na simba tumemwona amelala chini ya mti." Wengine husema, "Tumeona majani na vumbi tu." Ajabu yake ni kuwa wote wameingia katika mbuga ile ile, pengine siku ile ile, nao wametoa fedha ile ile. Je, wanyama waliwapenda hawa na kuwakimbia wale? Sivyo. Tofauti yao ilianza nyumbani, kabla safari haijaanza. Hawa walifanya shauri mapema. Wale waliondoka tu.

Katika somo hili tutajifunza jinsi watu wa nyumba moja wawezavyo kufanya shauri la safari fupi kama hiyo. Tutachukua Mikumi kuwa mfano wetu, lakini mafundisho yake yafaa kwa mbuga nyingine pia. Neno kubwa la kukumbuka ni hili: sisi ndio wageni, na wanyama ndio wenyeji. Mwenyeji wa mwituni hamngoji mgeni wala habadili desturi zake kwa ajili yake. Kwa hiyo mwenye siku moja tu hana budi kuzifuata saa za wanyama, wala asitumaini wanyama wafuate saa zake.

1. Mbuga yenyewe

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iko katika mkoa wa Morogoro, Tanzania, upande wa magharibi wa Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 283 hivi. Iliwekwa mwaka 1964, ikaongezwa ukubwa mwaka 1975, na eneo lake ni kilometa za mraba 3,230. Jina lake latokana na mikumi, miti mirefu ya jamii ya minazi, ambayo watu wengine huiita mivumo. Katikati yake kuna uwanda mpana wa majani uitwao Mkata, na pande zote kuna vilima na milima.

Katika uwanda huo hukaa tembo, nyati, twiga, punda milia, nyumbu, swala pala, pofu, ngiri, nyani na simba. Viboko na mamba hukaa katika mabwawa. Ndege nao ni wengi, aina zaidi ya 400.

Mbuga hii ina jambo moja la pekee. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia hukata katikati yake, mwendo wa kilometa 50 hivi. Ndiyo maana ni rahisi kuifikia. Walakini barabara hiyo hiyo imewaletea wanyama hatari kubwa, kama tutakavyoona mbele.

2. Kuchagua majira

Swali la kwanza la kuulizana nyumbani si "Twende siku gani?" bali "Twende majira gani?"

Tangu mwezi wa Juni hata Oktoba ni kiangazi. Majani hukauka na kuwa mafupi, na vidimbwi vidogo hukauka. Mnyama atakaye kunywa hana budi kwenda penye maji machache yaliyobaki, na huko ndiko mgeni awezako kumngoja. Mwenye siku moja afadhali achague majira haya.

Wakati wa masika mambo hugeuka. Nchi yote hupendeza kwa kijani, na ndege ni wengi mno. Lakini maji yako kila mahali, kwa hiyo wanyama hutawanyika, na majani marefu huwaficha. Tena udongo mweusi wa Mkata ukilowa hushika magurudumu kama gundi, na njia nyingine hazipitiki. Mtu mwenye siku nyingi aweza kustahimili hayo; mwenye siku moja aweza kuimaliza siku yake matopeni.

Wanafunzi hupata likizo ya mwezi wa Juni, nayo huangukia mwanzo wa kiangazi. Basi wazazi watakao kuwachukua watoto wao wana nafasi nzuri wakati huo.

3. Hesabu ya fedha

Tuseme kuna baba na mama wenye watoto watatu, nao wakaa mjini Morogoro. Wameweka akiba kidogo kidogo kwa miezi mingi ili wawaonyeshe watoto wao wanyama. Fedha ya namna hiyo haipasi kutumiwa ovyo. Na waketi pamoja, wachukue karatasi na kalamu, waandike mambo manne.

Kwanza, ada ya kila mtu. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa ada ndogo kuliko wageni watokao nchi za mbali, lakini yampasa kuonyesha kitambulisho chake. Asiyekuwa nacho aweza kuhesabiwa kuwa mgeni. Watoto walio chini ya miaka 5 hawatozwi, na wale wa miaka 5 hata 15 hutozwa kidogo kuliko watu wazima. Kwa hiyo yafaa kuchukua na hati za kuzaliwa za watoto.

Pili, ada ya gari. Tatu, gharama ya gari lenyewe, ikiwa ni la kukodi, pamoja na mafuta yake. Hii mara nyingi ndiyo fedha kubwa kuliko zote. Ndiyo sababu jamaa wawili au watatu wakishirikiana gari moja, kila mmoja hupata nafuu. Nne, akiba ya dharura, maana gurudumu halichagui siku ya kupasuka.

Ada hubadilika mara kwa mara. Kwa hiyo ulizeni kwanza ofisi ya hifadhi, wala msitegemee maneno ya jirani aliyekwenda zamani. Ulizeni pia namna ya kulipa, maana siku hizi malipo hufanywa kwa benki, kadi au simu. Mtu aliyefika langoni na fedha mkononi tu aweza kupoteza saa nzima kutafuta njia ya kulipa, na saa hiyo ya asubuhi haitarudi.

Tena jambo hili liangaliwe sana: ada haihesabiwi kwa kila saa ukaayo ndani. Aingiaye alfajiri na aingiaye alasiri hutoa fedha ile ile. Basi anayechelewa kufika amenunua siku nzima na kuitupa nusu yake njiani.

4. Saa za wanyama

Mbuga hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Je, katika saa hizo 12, zote ni sawa? La. Tazama jinsi wanyama wagawanyavyo siku yao.

Simba huwinda hasa usiku na alfajiri. Jua likiisha kupanda hutafuta kivuli na kulala, naye aweza kupumzika saa 20 katika siku moja. Rangi yake ni ya majani makavu. Saa 6 mchana gari laweza kupita karibu naye, na watu wote ndani wasimwone. Lakini asubuhi mapema huonekana akitembea, au akinywa maji, au ameketi penye mawindo yake.

Kiboko hufanya kinyume. Ngozi yake haina manyoya ya kuikinga, nayo hukauka na kupasuka juani. Kwa hiyo mchana kutwa hukaa majini, na usiku hutoka kwenda kula majani, hata kilo 40 kwa usiku mmoja. Basi viboko yafaa kuwaendea mchana, wakati wanyama wengine wamejificha. Lipo bwawa lao si mbali na lango kuu.

Tembo mkubwa aweza kula kilo 150 za majani, magome na matawi kwa siku moja, kwa hiyo hula karibu wakati wote. Joto likizidi huenda penye maji au husimama kivulini akipunga masikio yake. Masikio hayo yamejaa mishipa ya damu karibu na ngozi, na upepo ukiyapiga damu hupoa, ndipo mwili wote hupata nafuu.

Punda milia na nyumbu mara nyingi huonekana wakilisha pamoja. Wengi hudhani ni urafiki tu, kumbe kuna faida. Punda milia ana meno ya mbele juu na chini, naye hukata majani marefu na magumu. Nyumbu, kama ng'ombe wa nyumbani, hana meno ya mbele juu, naye hupenda majani mafupi na laini yaliyobaki chini. Hivyo mmoja humfungulia mwenziwe njia ya chakula. Tena macho mengi na masikio mengi humwona adui upesi kuliko macho ya mmoja.

Kwa hayo twajua ya kuwa saa njema ni mbili: tangu kupambazuka hata saa 4 asubuhi, na tangu saa 9 alasiri hata jioni. Saa za katikati ni za viboko, za chakula na za kupumzika.

5. Njia na mgawo wa siku

Toka Morogoro hata lango kuu ni karibu kilometa 100. Yule baba na mama wa mfano wetu na waondoke saa 10 na nusu alfajiri, ili wafike mpakani mwa mbuga kunapopambazuka. Wasiondoke mapema kuliko hapo, maana si vema kupita kati ya wanyama gizani. Langoni watafika yapata saa 12 na nusu.

Hata saa 4 wazunguke polepole katika uwanda wa Mkata. Saa 4 waende penye bwawa la viboko, kisha wale na kupumzika mahali palipoonyeshwa. Saa 9 warudi uwandani au penye maji kwa saa moja, na saa 10 waanze safari ya kurudi, ili wavuke mbuga kabla ya giza. Wenye fedha zaidi waweza kulala katika mji mdogo wa Mikumi, ulio upande wa Iringa, na kuingia asubuhi bila haraka.

Wakaao Dar es Salaam wasijaribu kwenda na kurudi siku moja. Tangu mwaka 2024 gari la reli liendalo kwa umeme huwafikisha watu Morogoro upesi. Basi waweza kulala hapo na kukodi gari. Dereva aliyesinzia ni hatari kuliko simba.

Mwendo wa ndani ya mbuga usiwe wa kukimbilia kila upande. Wageni wengi hudhani kuwa aendaye mbali huona mengi. Lakini gari likisimama kimya penye maji kwa nusu saa, mara nyingi wanyama huja wenyewe. Subira yavuta heri.

6. Vitu vya kuchukua

Maji ya kunywa ni ya kwanza, nayo yawe mengi kuliko mdhanivyo. Pili chakula kisichoharibika upesi, kama viazi, mayai ya kuchemsha na maandazi. Kitieni katika kikapu au mfuko wa nguo, maana mifuko ya plastiki imekatazwa nchini Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Tatu, kofia na nguo nzito kidogo kwa baridi ya asubuhi. Nne, dawa ya mtu atumiaye dawa kila siku.

Nguo ziwe za rangi ya udongo au ya majani makavu. Msivae nyeusi wala buluu, kwa sababu rangi hizo huwavuta mbung'o, nao huuma sana. Mwenye darubini aichukue. Na kila mtoto achukue daftari na kalamu ya risasi, aandike jina la kila mnyama, saa aliyoonekana, na kazi aliyokuwa akiifanya.

7. Sheria na sababu zake

Mtu atiiye sheria bila kujua sababu yake huisahau upesi. Kwa hiyo tutazame sheria pamoja na sababu zake.

Msishuke garini ila mahali palipoonyeshwa. Wanyama wa mbugani wamezoea kuona magari, nao huliona gari kuwa kitu kimoja kikubwa, si chakula wala adui. Mtu akishuka, au akitoa mwili wake nje ya dirisha, hujitenga na gari hilo. Hapo mnyama humwona mtu, naye aweza kukimbia au kushambulia. Msisimamishe gari kati ya tembo na mtoto wake, wala msikae kati ya kiboko na maji.

Msitoke katika njia. Gurudumu moja likipita juu ya majani huacha alama. Dereva wa pili huifuata, na wa tatu, hata majani hufa. Mvua ikija, maji hufuata mfereji ule na kuchukua udongo. Tena wapo ndege wanaotaga mayai chini, katikati ya majani.

Msiwape wanyama chakula. Nyani akilishwa leo, kesho husimama njiani akingoja, na kesho kutwa huingia garini kunyang'anya. Akiisha kumuuma mtu, ndiye atakayeuawa. Aliyemrushia ndizi alidhani amemtendea wema, kumbe amemfungulia njia ya mauti.

Msipige honi wala kelele. Kelele moja yaweza kuwanyima watu wa magari mengine kile walichokingoja saa nzima.

Msipite mwendo wa kilometa 50 kwa saa ndani ya mbuga. Gari lenye mwendo huo hupita karibu mita 14 kila sekunde. Swala pala aliyeshtuka aweza kuruka mita 9 au zaidi kwa mruko mmoja. Fanyeni hesabu wenyewe, mwone kama dereva aliyekimbiza gari kuliko hapo ana nafasi ya kulisimamisha.

8. Wajibu wa wapitao njiani

Huenda mwanafunzi mmoja akasema, "Somo hili si langu, maana baba yangu hana fedha za kwenda mbugani." Somo ni lake pia. Kila siku mabasi mengi hupita katika barabara kuu ya Mikumi, na wengi wetu tutaipita siku moja tukienda shule, au kumzuru ndugu, au kazini. Abiria wa basi hatoi ada, naye aweza kuwaona twiga, tembo na nyani kando ya njia. Lakini barabara hiyo huua. Magari hukimbia, hasa usiku, na wanyama hukanyagwa. Serikali imeweka matuta, na bao lililoandikwa faini za dereva atakayemgonga kila namna ya mnyama. Lakini faini haimfufui twiga.

Abiria aweza kufanya mambo mawili. La kwanza, amwambie dereva kwa adabu apunguze mwendo, na akiona wengine wananyamaza, asione haya kusema. La pili, asitupe kitu dirishani. Ganda la ndizi au mabaki ya mahindi yakianguka kando ya njia huwaita nyani, nao wakiokota chakula hicho, gari la nyuma huwakuta barabarani. Hivyo mkono uliotupa ganda umeshiriki katika kifo hicho, ijapokuwa mwenye mkono amekwisha kufika Iringa.

Mungu alipomweka mwanadamu juu ya viumbe vyake, alimpa kazi ya mtunzaji, si ruhusa ya mharibifu. Afanyaye shauri jema kabla ya safari, akafuata saa za wanyama na kuzitii sheria zao, hupata faida mara mbili: fedha yake haikupotea, na wanyama aliowaona amewaacha salama, ili mtoto wa mtu mwingine apate kuwaona kesho.

Maswali

1. Kwa nini kiangazi ni majira mema kwa mtu mwenye siku moja tu?
2. Eleza kwa nini kiboko hukaa majini mchana kutwa.
3. Punda milia na nyumbu husaidianaje katika malisho?
4. Ikiwa gari lapita mita 14 kila sekunde, litapita mita ngapi kwa sekunde 3?
5. Watu wa nyumbani kwenu wataka kwenda mbugani mwezi wa Juni. Andika mgawo wa siku yao tangu kuondoka hata kurudi, ukitaja sababu ya kila saa.
6. "Mkono uliotupa ganda umeshiriki katika kifo hicho." Eleza maana ya maneno haya.